Maiti Safi ya Bulongo

Jeancy alikuwa akigawa fulana, na kwenye kila fulana kulikuwa na uso wa marehemu.

Zilikuwa fulana nyeupe, mpya, bado zinanuka rangi. Mbele Mechack anacheka, na chini yake maneno ya bluu: MAJI KWA AJILI YA MECHACK. Akina mama wa mtaa wa Bulongo walipanga mstari chini ya turubai, wakazivaa juu ya nguo zao, wakapewa na soda moja moja. Hakuna aliyesukumana. Watu wenye msiba hawasukumani, na Jeancy alilijua hilo vizuri.

Inspekta Huguette Kalala alimtazama akiwa ameegemea gari la polisi, maana magoti yake hayakuwa tena ya kusimama bila kuegemea kitu. Alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi, amezeeka katika kazi hiyo hapahapa Kolwezi, na hakuwahi kuona kifo kilichowafaa watu kama hiki. Wiki mbili nyuma Jeancy alizomewa kwenye uwanja huu mpaka akaondoka na pikipiki bila kofia yake. Kampuni ya mgodi ilimwajiri awashawishi wakazi waukubali mradi wa maji: mnara wa tangi, mabomba, na mifereji ya kupitisha mabomba katika kila kiwanja. Wanawake waliutaka. Wanaume waliukataa katakata. Walisema mifereji ni kisingizio tu; leo wanachimba kupitisha bomba, kesho wanagundua nyumba zimekaa juu ya kobalti, keshokutwa malori yanakuja kuwahamisha. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mchimbaji mmoja, Papy Mukalay. "Mwenye kulinda ule mnara," alisema mbele ya umati, "tutamuzika chini yake!"

Jumatano alfajiri mlinzi wa mnara, Mechack, alikutwa chini yake, kichwa kimepasuka. Huyo Mechack alikuwa shemeji wa Papy, mume wa dada yake Simone. Jua halijapanda sawasawa, Papy alikuwa ndani. Sasa ilikuwa Ijumaa. Muda ambao sheria inawapa polisi kumshikilia mtu ulikuwa unakwisha, na saa tisa alasiri gari lingempeleka Papy kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko gereza kuu, kwa kosa la mauaji. Kamanda Ngoy alikwisha kutia sahihi. Ilibaki ya Huguette.

Kilichomzuia kilikuwa kitu kidogo, hata aliona aibu kumwambia kamanda. Maiti ilikuwa safi.

Aliiona mochwari. Mtu wa Bulongo, mtaa usio na bomba hata moja, miguu safi hadi katikati ya vidole, kucha safi, nywele kuzunguka jeraha hazina damu wala vumbi. Watu wa mochwari waliapa kwamba hawajamgusa, wanaisubiri familia ije kumwosha. Nani basi alimwosha?

"Tata Jeancy," aliita.

"Mama inspekta! Kuya ukamate soda."

"Soda inanipandisha sukari. Niambie tena. Jumatano ulimukuta namna gani?"

Jeancy alishusha pumzi. Alikuwa kijana mnene mwenye sauti nzuri, mtu aliyezoea kipaza sauti. "Nilikuya asubuhi kungojea mafundi. Nikamukuta chini ya ngazi, kichwa yake imepasuka. Njo nikaita batu."

"Damu ilikuwa wapi? Ku kichwa ao chini?"

"Ku... mama, sikuangalia damu. Niliogopa."

"Alilala namna gani?"

"Mugongo."

"Mikono?"

"Pembeni yake."

"Na macho?"

Jeancy alifungua mdomo, akafikiri. "Ilifungwa."

"Mutu anapigwa na adui," Huguette alisema polepole, "anaanguka, anajilalisha muzuri, ananyoosha mikono, anafunga macho. Adui wa vile hata mi namutaka."

Jeancy hakucheka. Alitazama nyuma yake kama mama yeyote amesikia. "Papy alisema mbele ya bantu bote kama atamuzika. Bote balisikia."

"Alisema. Mi nasemaka kila siku nitamuua kamanda, na bado eko anakula bukari."

Alimwacha na fulana zake akaenda mnarani peke yake, polepole, akilaani kila jiwe. Mnara ulikuwa miguu minne ya chuma na tangi tupu juu. Siku ya Jumatano alizungushia mawe mahali maiti ilipolala, na mawe yalikuwa bado hapo. Alichuchumaa kwa taabu akapekua vumbi kwa kalamu. Vumbi la Bulongo ni jepesi. Tone la mafuta likidondoka asubuhi utaliona jioni. Hapakuwa na damu. Hapakuwa hata na kitu cha kuvutia nzi. Kichwa kinachopasuka humwaga damu nyingi, hilo hata askari wa jana analijua, na Mechack hakumwaga kitu hapa.

Kwa hiyo hakufia hapa. Alifia mahali pengine, akaoshwa, akaletwa. Na jeraha lilikuwa utosini, si kisogoni wala usoni. Kilichompiga kilitoka juu kabisa. Huguette aliinuka akishika chuma cha mnara. Anayemchukia mtu hamwoshi vidole vya miguu. Tena kumwosha mtu mzima kunataka maji, na Bulongo maji yana mwenyewe.

Alimkuta Mado karibu na reli, akisukuma baiskeli iliyobebeshwa madumu ya manjano hadi mwenyewe haonekani. Mwanamke mwembamba, mkali, aliyekuwa akichota kwenye chemchemi ng'ambo ya reli na kuuza mtaa mzima. Mnara ukijaa maji Mado angeuza nini? Huguette alikuwa amelifikiria hilo tangu juzi, na hakuona sababu ya kuzungukazunguka.

"Mado, mnara ukifanya kazi, we unakufwa na njaa."

"Kumbe!" Mado aliegemeza baiskeli kwenye nguzo. "Sasa unasema mi njo niliua Mechack? Mama, kama ningekuwa na nguvu ya kuua mutu, ningeanza na Jeancy. Mechack ananunuaka kwangu, analipa."

"Jumanne magaribi nani alinunua maji mingi?"

Mado alianza kukagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Batu bananunua. Iko joto."

"Mado."

"Mama, mi niko na batoto hapa. Nitaikala na hawa bantu."

"Papy naye eko na batoto. Saa tisa anaenda gereza."

Lori la madini la kutoka upande wa mgodi wa Mashamba lilipita likawafunika vumbi wote wawili, na hakuna aliyejipangusa.

"Simone," Mado alisema hatimaye. "Alichukua madumu yangu yote, jua limekwisha kuingia, na hakuomba nimupunguzie. Simone! Ule mwenye kubishana hadi baiskeli inachoka. Nikamuuliza, kwako kuko sikukuu? Akasema anafua."

"Anafua na giza?"

"Njo nilijiuliza, nikaacha." Alishika usukani wa baiskeli, kisha akauachia tena. "Na kintu ingine. Jumatano mbele ya jua kutoka nilikuwa ninaenda kuchota. Nilimona Jeancy anatoka ku mnara na pikipiki, anaficha kintu mu koti. Akaenda. Kisha akarudia, njo akaanza kulia batu kuyeni, batu kuyeni."

"Juu ya nini haukusema?"

"Muliniuliza? Munaulizaka paka bale, bale tu ba kupewa fulana."

Huguette alimshukuru, akarudi uwanjani. Sasa alikuwa na watu wawili: mjane aliyenunua maji na mhamasishaji aliyebeba kitu. Kwa muda alimwona Jeancy kabisa akiwa ndani ya pingu, na picha hiyo ilimpendeza kupita kiasi.

Turubai lilikuwa limekunjwa. Jeancy alikuwa akifunga kreti za chupa tupu nyuma ya pikipiki.

"Fungua koti," Huguette alisema.

"Koti gani? Na hii joto?"

"Ile ulivaa Jumatano. Na kama haiko hapa, tutaenda wote kwako kuitafuta, mbele ya bibi yako na majirani, na mi nitatembea polepole ili bote banione."

Jeancy alitazama chini. Halafu alifungua sanduku dogo chini ya kiti cha pikipiki akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitenge cha bluu chenye picha ya msalaba na kinara, sare ya chama cha akina mama wa parokia ya Bulongo. Wanaivaa harusini, msibani na siku ya mavuno. Kila mama wa mtaa anayo moja.

"Ilikuwa wapi?"

"Ku uso yake." Sauti nzuri ilikuwa imepotea. "Alifunikwa muzuri, mama. Sawa mutu mwenye kulala. Mi sikumuua, naapa mbele ya Mungu. Nilimukuta vile."

"Na ukaitosha pale, ukaificha."

"Ningefanya nini? Fikiria na we. Batu bakisema alianguka, ile mnara itakuwa mnara ya kuua mutu. Nani atakunywa maji yake? Na bakiona kikwembe ya bamama, polisi itashika bamama. Bamama njo bananisaidia! Bila bao mi sina hata mutu moja wa kunyoosha mukono."

"Basi ukamuchagua Papy."

"Papy alijichagua mwenyewe na kinywa yake."

Huguette alikunja kitenge taratibu. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira iliyochoka, haikufika hata kwenye mikono.

"Mama inspekta," Jeancy alisema, "unajua batoto banakufwaka hapa juu ya ile maji ya chemchemi? Kuhara, kutapika, siku mbili, mutoto ameisha. Mi nazungukaka nyumba na nyumba, naambia batu mukubali, banacheka. Mechack alikufwa, bakaacha kucheka. Leo bananyoosha mikono. Mi njo niliomba afwe?"

Na kibaya zaidi ni kwamba alimaanisha. Huguette aliona machoni mwake kwamba kijana huyu anawataka kweli watoto wa Bulongo wanywe maji safi, na kwa ajili hiyo alikuwa tayari kumfungia Papy maisha yake yote. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwizi tu.

"Saa nane ukuwe ofisini kwangu," alimwambia. "Utasema hivihivi. Ukikosa, nakuandikia kosa la kuficha ushahidi, na fulana zako utazigawa gerezani."

Kwa Simone msiba ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa nje kuzunguka gogo linalowaka, kwenye viti vya majirani. Vyombo vyote vya nyumba vilikuwa vimetolewa uani kama desturi inavyotaka: kabati, meza, makochi, redio, hata pazia, ili akina mama wapate nafasi ya kukaa na kulala kwenye mikeka pamoja na mjane. Nyumba yenye msiba haibaki na kiti ndani. Huguette alivua viatu mlangoni, akapita sebuleni akiwasalimu wanawake mmoja mmoja, akaingia chumbani.

Alisimama hapo mlangoni akatazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Chumba kilikuwa kidogo. Akina mama wanane au tisa walikuwa wamebanana ukutani, magoti kidevuni, mmoja amekaa nusu mlangoni kwa kukosa pa kukaa. Na katikati ya chumba hichohicho kilisimama kitanda kikubwa cha mbao, kimefunikwa shuka hadi sakafuni. Walikuwa wametoa kabati zito la milango mitatu, wakaacha kitanda.

"Bamama, muniache kidogo na mwenye kilio," alisema.

Walitoka wakinung'unika. Simone alibaki kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, miguu mitupu. Alikuwa na paji la uso pana kama la Papy na macho yaliyokauka. Huguette alijishusha karibu naye kwa kuushika ubao wa kitanda, na alipokwisha kukaa alihisi hewa baridi ikimpuliza vifundo vya miguu kutoka chini ya shuka. Ilinuka udongo mbichi na petroli.

Hakuinua shuka. Alitoa kitenge akakiweka kati yao.

"Yako?"

Simone alikigusa kwa ncha ya kidole. "Nani alikupa?"

"Jeancy alikitosha ku uso ya bwana yako mbele batu hawajafika." Huguette alingoja. "Simone, mi najua ulimuosha. Najua maji ulinunua wapi. Najua hakukufwa ku mnara. Jiwe lilimupiga utosini, na ku mnara hakuna jiwe ya kutoka juu. Sasa naona kitanda ile haitoke."

Nje mtu alianzisha wimbo wa kanisa na wengine wakaupokea kwa sauti za uchovu.

"Alisema anashuka mu shimo kidogo tu," Simone alisema. Alisema kwa sauti ya chini sana, na baada ya kuanza hakusita. "Ile saa alipashwa kuenda ku kazi ya ulinzi. Akasema nitoshe kwanza mufuko moja, njo niende. Papy alikuwa ku kamba, juu. Tulisikia paka sauti moja tu, pu. Tukaita. Papy akashuka, akamufunga kamba, tukamuvuta na jirani yetu. Alikuwa mweusi, mama. Uso, kinywa, masikio, yote udongo mweusi ya kobalti. Bwana yangu! Ningemutoa vile mbele ya wakwe? Mbele ya padri? Papy alisema hakuna wakati, tumupeleke tu. Mi nikasema hapana. Nitamuosha."

"Na mukamupeleka ku mnara."

"Njo kazi yake ilikuwa kule. Tulisema batu bataona ameanguka ku ngazi. Mutu anaanguka, ni Mungu, hakuna mwenye kosa. Sikujua batashika Papy."

"Basi kuya useme hii mbele ya kamanda. Papy atatoka leo."

Simone alitikisa kichwa. "Mama, fikiria. Nikisema, kesho kampuni inakuya na mashini, inapima chini ya kila nyumba. Unazani ni sisi paka? Bulongo yote, kila nyumba iko na kitanda yake. Batasema mutaa ni tupu chini, muhame. Batatutupa mbali mu pori. Tulitoka Kasaji na baiskeli moja na mufuko ya mihogo. Hii nyumba njo kila kintu tuko nayo. Papy aliniambia mbele polisi hawajamukamata: yaya, dada yangu, hata bakinipiga, fungula kinywa yako paka kula."

"Na maji? We ulikuwa mbele ku kuimbia maji."

"Ndiyo nataka maji. Bomba ingepita mbele ya nyumba, si chini ya kitanda! Bwana yangu na Papy, bao njo hawakutaka. Mechack alilinda mnara juu ya mushahara, na akirudi hapa anautukana." Kidogo atabasamu, halafu akakumbuka alipo.

Huguette angeweza kuwaita askari wawili wakasogeza kitanda. Alilipima jambo hilo akiwa ameketi pale. Shimo lingeonekana, basi. Lakini shimo halisemi nani alifia ndani yake wala kwa nini, na kamanda Ngoy angeandika tu kwamba Papy alimuua shemeji yake huko chini. Alihitaji mdomo wa Simone. Na mjane hatoki nyumba ya msiba kabla ya maziko. Hata mlangoni hafiki bila kushikwa mikono.

"Saa tisa gari linaondoka," alisema akijiinua. "Sitakufunga, sitakuvuta. Nimekuambia tu."

Simone alikuwa ameshika kitenge, na Huguette alilazimika kukitoa mkononi mwake kidole kwa kidole.

Ofisini joto lilikuwa limekaa chini ya bati. Jeancy alikuwepo kwenye benchi, amekwisha kuandikisha maelezo yake, simu mkononi. Kamanda Ngoy, mtu wa tumbo na saa kubwa ya mkono, aliyasoma akayasukuma pembeni.

"Kikwembe. Kila mama iko nacho. Papy alikipata kwa dada yake, akafunika mutu alimuua, juu alisikia haya. Tia sahihi, Huguette. Nimechoka."

"Na mi nimechoka, kamanda. Tuko wawili."

Walimleta Papy. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mdomo umepasuka, mikono imefungwa mbele. Huguette alimkalisha, akamweleza yote kwa utaratibu: maji ya Mado, vidole safi, kitanda kisichotoka. Kila neno lilipoingia Papy alizidi kutazama sakafu.

"Mulimuosha, Papy. Njo kosa yenu. Kama mungemuacha na udongo yake, mi ningeenda moja kwa moja ku mashimo. Kama mungemutupa tu, ningesema ameuawa. Mulimupenda sana."

"Andika namna unataka, mama. Mi sina maneno."

"Ni mauaji. Unajua ni miaka ngapi?"

"Sina maneno."

Saa tisa ilikuwa imekaribia na dereva alikwisha kuwasha gari wakati kelele zilipoanza barabarani. Huguette alitazama dirishani. Akina mama wa Bulongo walikuwa wanakuja kwa miguu, kundi zima, uso wa Mechack ukicheka juu ya kila kifua, na mbele yao Simone katika kitambaa chake cheusi, bila viatu, bila mtu wa kumshika. Walikuwa wakimwita arudi. Mjane anayetembea barabarani mchana na mumewe hajazikwa, hilo Kolwezi hata madereva wa malori walisimama kulitazama.

Simone aliingia. Papy alimwona, na hapo ndipo aliposimama hadi kiti kikaanguka.

"Mi njo nilimuua!" alipiga kelele. "Kamanda, andika! Nilimupiga na nyundo, mi peke yangu, juu ya mradi! Andika, mutoshe huyu mwanamuke!"

"Bon," kamanda Ngoy alisema, akitafuta kalamu kwa furaha. "Umesikia, Huguette. Amekubali."

"Ulimupiga wapi?" Huguette aliuliza.

"Ku mnara!"

"Damu ilienda wapi?"

"Nili... nilipangusa."

"Mu vumbi? Na nani alimuosha vidole vya miguu, moja moja?"

Papy alimgeukia dada yake.

"Nani alimufunga macho, Papy?"

"Mi," Simone alisema.

Alisema akiwa amesimama katikati ya ofisi, mikono imening'inia. Mlangoni akina mama walikuwa wamejazana, na mmoja alilia, "Simone, nyamaza! Fikiria batoto yetu!" Mwingine alijifunika mdomo na kitenge chake. Huguette alizitazama nyuso zao, akajua kila mmoja anafikiria kitanda chake.

Simone aliwageukia. "Munamuvaa ku kifua," aliwaambia, "na munaniambia ninyamaze. Nimenyamaza siku tatu. Bwana yangu amekufwa. Sasa munataka na ndugu yangu?" Kisha akamgeukia Huguette. "Andika, mama. Alifwa chini ya kitanda yangu. Mu shimo. Jiwe lilianguka. Mi na Papy na jirani tulimutosha, mi nikamuosha, tukamupeleka ku mnara. Hakuna mutu alimuua."

Aliandika. Ilichukua muda, kwa sababu Simone alitaka kila kitu kiandikwe, hata jina la sabuni, na kwa sababu mkono wa Huguette ulikuwa mzito. Kamanda Ngoy aliketi akakata tamaa. Jeancy alisikiliza hadi neno "shimo", akainuka taratibu, akatoka akipiga simu. Hakuna aliyemzuia. Kampuni ingejua kabla wino haujakauka.

Alipomaliza kuandika alimsomea Simone, Simone akatia sahihi, na Huguette akachukua ufunguo mwenyewe akafungua pingu. Kwa kuficha maiti, alisema, Papy ataitwa tena na atakuja kwa miguu yake. Leo aende nyumbani.

Papy alisugua vifundo vya mikono. Hakumtazama Huguette. Alimtazama dada yake, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi kama mtoto.

"Umetuuzisha, yaya. Bulongo yote. Mi nilikuwa tayari kuenda, na we umetuuzisha. Sitakusemesha tena hadi siku ya kufwa."

"Usinisemeshe," Simone alisema. "Lakini usinisemeshe ukiwa nje."

Papy akageuka, akapita katikati ya akina mama ambao walimpisha bila kumgusa, akashuka ngazi. Simone alimfuata kwa macho kupitia dirishani. Papy alivuka barabara, akasimama kupisha lori, akaendelea, mzima, mikono yake ikiwa huru. Alipokata kona ndipo Simone alipoketi chini kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya polisi, akaanza kumlilia mumewe kwa jina.